Ndiyo ya Kwenye Simu

"Samahani, hizo ni zangu," Kozue alisema, na mwanamume aliyezishika wala hakugeuka.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, chini ya reli pale Akihabara, kwenye vile vibanda vya vipuri vya redio ambavyo watu wawili wanene hawapishani. Treni zinapita juu ya vichwa, wauzaji wanapima waya kwa mizani, kila mtu ana haraka. Kozue Hamamoto alikuwa anasukumana na watu tangu saa nne asubuhi akitafuta valvu, zile taa ndogo za kioo za redio za zamani. Alizitaka mbili pacha, zilizopimwa pamoja zikalingana, moja ya upande wa kushoto na moja ya kulia. Kibanda cha sita kilikuwa na jozi moja tu, na jozi hiyo ilikuwa mkononi mwa huyo bwana asiyegeuka: koti la kazi la kijivu, penseli juu ya sikio, vidole vimejaa makovu madogo ya kulehemu.

Kozue akamgusa bega. Hapo ndipo alipogeuka, akamwona msichana mwenye nywele fupi na koti la sufu la kijani, pua imekuwa nyekundu kwa baridi.

"Nimezitafuta tangu asubuhi, bwana. Hizo valvu ni zangu."

"Za kufanyia nini?"

"Za kula."

"Angalia, dada, zina kioo. Zitakukwama."

Kozue alitaka kukasirika, akacheka. Akamweleza kwamba kikuza sauti chake cha santuri, kile kisanduku kinachopokea mlio mdogo mno wa sindano na kuukuza kabla ya amplifaya kubwa, asubuhi kinavuma kama feni na ikifika mchana upande mmoja unakata. Yule bwana alikuwa akimtazama midomo muda wote, na Kozue akadhani anatongozwa. Alipomaliza, bwana akasema valvu hazina kosa, kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyotunza umeme, ndizo zilizokauka. Kuweka valvu mpya humo ni kumvika maiti suti.

"Maiti huyo alijengwa na baba yangu," Kozue alisema.

Yule bwana akainama kuomba radhi mpaka penseli ikamdondoka. Akampa valvu, akamwandikia jina na namba ya simu: Morio Inaba, fundi, karakana ya Sonobe, Kamata. Akaahidi kuja kuitazama bure.

Mimi nilikuwa mteja wa mkahawa wa Kozue miaka tisa. Nasahihisha vitabu vya watu mtaa wa Jinbocho, na mkahawa huo, Kazamidori, ulikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vitabu, ngazi nyembamba, meza saba. Hatukwenda pale kula. Tulikwenda kusikiliza jazi kwa kahawa moja inayokaa mpaka inapoa. Marehemu baba yake aliandika sheria ukutani kwa mkono wake: santuri ikicheza, hakuna kuzungumza. Ukitaka kahawa, unaandika kwenye kikaratasi. Ukitaka santuri fulani, kikaratasi. Na mkitaka kupendana, kama walivyofanya hao wawili mbele ya macho yangu, vikaratasi hivyo hivyo.

Naomba nilitoe hili mapema, maana linanichoma. Morio alikuwa anapoteza masikio. Mwezi wa kwanza daktari alimwambia yote mawili yanakufa, la kushoto limetangulia, sauti za juu zitaondoka kwanza kisha nyingine zitafuata, na dawa hakuna. Hakumwambia mtu. Karakana ya Sonobe ilikuwa inajenga vikuza sauti vya valvu vya bei ambayo sitaitaja, na watu wa Osaka walikuwa tayari kungoja mwaka mzima kwa sababu kila mashine, kabla haijatoka, Morio aliirekebisha kwa sikio lake. Wengine hurekebisha kwa kipimo. Yeye sikio. Sasa fundi huyo amwambie nani kwamba hasikii?

Na katika wanawake wote wa Tokyo akampenda Kozue, mwenye sauti nyembamba ya juu, yaani ile ile inayoondoka kwanza.

Alifufua mashine ya marehemu kwa Jumanne mbili. Ya tatu akarudi bila sababu, na ya nne. Nilikuwa karibu na kaunta, na mimi macho yangu hayana adabu. Kozue alimpelekea kikaratasi: *Kahawa yako imepoa. Unaangalia spika au unaniangalia mimi?* Morio akajibu: *Spika. Zina macho mazuri.* Kozue akageukia ukuta ili tusimwone anacheka.

Walikuwa wakitoka kwenda kula tambi za soba zinazoliwa kwa kusimama chini ya reli. Pale kila mtu anapiga kelele kwa ajili ya treni, kwa hiyo asiyesikia na anayesikia ni sawa tu. Morio alishajifunza kusoma midomo. Mkahawani ni karatasi, kwenye tambi ni midomo, na kwa miezi minane mwanamke mwenye masikio makali kuliko sisi sote hakugundua kitu. Alijua tu kwamba amepata mwanamume anayemkazia macho anapozungumza, na wanaume wa namna hiyo ni wachache, wanawake wenzake watakubaliana naye.

Tangu Juni Morio alianza kumjengea kikuza sauti kipya, Jumapili na sikukuu, kwa mkono, kila kiungo. Transfoma alizisokota mwenyewe. Siku moja Agosti aliweka kikaratasi chini ya kikombe: *Kikikamilika nitakuomba jambo moja. Usikatae kabla sijamaliza kuomba.* Kozue alikuwa na miaka thelathini na miwili, hakuhitaji kuelezwa jambo gani. Alikunja kile kikaratasi akakitia kwenye pochi, na tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila kile kisanduku kiishe.

Oktoba ndipo Shangazi Fumie alipopanda ngazi na bahasha. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu, mwanamke wa kilemba cha maneno matamu na moyo wa chuma. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya mfamasia wa Chiba, Bwana Yoshizawa, suti nyeusi, masikio makubwa, anatafuta mke. Kozue akasema yupo mtu. Shangazi akauliza mtu huyo amesema nini. Kozue akakiri kwamba bado hajasema kitu. Shangazi akampa siku moja: kama huyo fundi ana neno, alitoe kabla ya Alhamisi jioni. Vinginevyo Jumapili saa nane mchana wanakutana na mfamasia hotelini.

Alhamisi Kozue akapiga simu karakanani.

Sasa, huku kwetu mtu akisema nawe kwenye simu lazima umwitikie. Kila akipumua, unasema "ndiyo". Ukikaa kimya atadhani laini imekatika, au umekasirika. Ndiyo hiyo haina maana ya kukubali. Maana yake ni kwamba nipo, nasikia, endelea. Mtoto wa miaka minne anaijua. Morio alishika simu kwa mkono wa kushoto, sikio la kushoto, kwa sababu kulia alikuwa na chuma cha kulehemu, na akafanya kama sisi wote tunavyofanya.

"Morio, shangazi ameniletea picha ya mwanamume. Mfamasia."

"Ndiyo."

"Anataka nikutane naye Jumapili. Leo jioni lazima nimjibu."

"Ndiyo, ndiyo."

"Ukiniambia nisiende, siendi. Neno moja tu linatosha."

Kilichomfikia Morio ni mvumo, na ndani ya mvumo neno moja: Jumapili. Akafikiri anaulizwa kama mashine itakuwa tayari, maana alikuwa amegusia kwamba imebaki kidogo.

"Jumapili ni nzuri kabisa," alisema. "Hata mimi nilikuwa naifikiria hiyo hiyo."

"Unataka niende?"

"Ndiyo. Nimefurahi sana."

"Morio. Nakuuliza kwa mara ya mwisho."

"Ndiyo, mpenzi, ndiyo."

Kozue aliweka simu chini taratibu. Aliniambia kwamba hakulia siku hiyo. Aliosha vikombe vyote, hata visafi. Morio naye, kule Kamata, aliweka simu chini akaanza kupiga mluzi, na wenzake wakatazamana kwa kuwa mluzi ulikuwa nje ya tuni.

Jumapili saa nne na nusu akafika na kisanduku amekifunga kwenye kitambaa cha zambarau. Alikuwa amenyoa, amevaa tai, na pochi ndogo ya pete ipo mfukoni, ingawa hiyo tulikuja kuijua baadaye. Akamkuta Kozue amevaa kimono cha rangi ya persimoni, lile tunda la rangi ya chungwa, mkanda wa dhahabu, nywele zimepambwa, na Shangazi Fumie nyuma anamkaza mkanda. Morio akasimama mlangoni kama mtu aliyepewa zawadi.

"Umependeza mno," alisema. "Yote hii kwa ajili ya mashine yangu?"

Hebu jiweke nafasi ya Kozue. Mtu amekuruhusu kwa mdomo wake uende kwa mwanamume mwingine, halafu anakuja asubuhi ya siku yenyewe amenyoa, anakutania. Kozue akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuiweka mashine.

Ilikuwa mashine nzuri, nisiseme uongo. Uso wa mbao ya mcheri, valvu nne zimejipanga, zikiwaka rangi ya chungwa polepole. Morio akaunganisha waya, akampa Kozue ishara. Kozue akateremsha sindano.

Ala, yale matoazi! Mimi nilihisi kama mtu ananikwaruza meno kwa msumari. Tarumbeta ilikata, brashi za ngoma zilikuwa kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Mzee wa meza ya dirishani akaacha kahawa yake akatoka. Na katikati yetu Morio amesimama karibu na spika, macho amefumba, anatabasamu kama mtoto. Alikuwa anayasikia matoazi kwa mara ya kwanza tangu masika. Miezi yote ya kurekebisha alikuwa anaongeza sauti za juu, anaongeza, mpaka yeye azisikie.

Kozue akaandika: *Inaumiza. Umenitengenezea kitu cha kuniumiza.*

Morio akasoma, akasoma tena. Alipoinua uso alikuwa mweupe. Hapo Kozue akavunja sheria ya baba yake, akazungumza santuri ikicheza.

"Umeniambia niende, nimekubali. Sasa umekuja kunicheka? Kama una neno la kunizuia, Morio, nakuomba mbele ya watu hawa, liseme."

Saksafoni ilikuwa imepanda juu kabisa. Alikuwa anatetemeka midomo, na midomo inayotetemeka haisomeki. Morio hakuambulia hata neno. Akafanya alichozoea kufanya kila asiposikia. Akatikisa kichwa, ndiyo.

Kozue akashuka ngazi na shangazi yake. Morio akafunga kisanduku chake kitambaani, akaondoka kwa njia nyingine. Mimi nilibaki na santuri inayozunguka mwisho wa mfereji wake, hakuna wa kuinua sindano, na sikuinuka kuiinua, kwa sababu mimi ni mtu wa kukaa.

Jumatatu Mama Sonobe, mwenye karakana, mjane wa miaka sitini anayevaa miwani ya kazi hata akienda sokoni, aliona Morio ameikalia ile mashine kama msiba. Akaiweka kwenye kipimo. Mshale ulipofika sauti za juu ukapanda mpaka ukagonga mwisho. Mama Sonobe akamsemesha kwa nyuma, mara mbili, tatu. Kisha akachukua chaki akaandika ubaoni: *Tangu lini?*

Morio akavua koti la kazi, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Akajifungia chumbani kwake, nyuma ya karakana. Na humo simu ikawa inalia. Kozue alipiga siku kumi na moja, mara nyingine mara tatu kwa siku, akisimama kaunta huku anahesabu milio, na kule simu inalia nusu mita kutoka kwenye mkono wa Morio naye anatazama ukuta. Siku ya kumi na mbili Kozue akamwambia Shangazi Fumie kwamba mfamasia ni mtu mwema na haoni ubaya. Novemba, siku iliyochaguliwa kwenye kalenda kuwa ya heri, posa ikaletwa: ngisi wakavu, mwani, na kamba za karatasi nyekundu na nyeupe zilizofungwa kwa fundo lisilofunguka.

Desemba Mama Sonobe akapanda ngazi zetu na boksi la keki za maharage. Alikuja kuomba radhi kwa niaba ya karakana, kama inavyopasa: walikuwa wamempelekea mteja mashine mbaya. Akainama mpaka chini.

"Utusamehe, binti. Hatukujua kwamba hasikii."

"Nani hasikii?" Kozue aliuliza.

Mama Sonobe akainua kichwa. "Nilidhani wewe ndiye unayejua."

Kozue akainua sindano katikati ya wimbo. Akatufukuza wote, kwa upole, kahawa bure. Nilipofika chini nilimwona anavuka barabara bila koti.

Kule Kamata, Mama Sonobe, aliyefuatana naye, ndiye aliyemfungulia mlango. Morio alikuwa mezani, ndevu zimeota. Kozue hakupoteza muda kwa salamu, akavuta daftari akaandika: *Alhamisi ile ulisikia nini?* Morio akaandika neno moja: *Jumapili.* Kozue akaandika yote aliyoyasema siku ile, sentensi kwa sentensi, na Morio akasoma huku amejishika kichwa. Kwanza wakacheka, maana inachekesha. Kisha kicheko kikageuka. Walikaa wameshikana mikono juu ya lile daftari mpaka wino ukawatia madoa.

*Nitavunja posa kesho,* Kozue akaandika.

Morio akasoma. Akasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kwamba kwanza wainyooshe mashine.

Wakashinda nayo alasiri nzima. Masikio ya Kozue, mikono ya Morio. Kozue amekaa kwenye kiti mbele ya spika, akiinua kidole maana yake juu, akikishusha maana yake punguza, na Morio anabadilisha vipuri, analehemu, anatazama kidole, anatoa, anaweka kingine. Saa kumi na moja hivi Kozue akasahau kidole. Matoazi yalikuwa yamekaa mahali pake, laini, na mpiga saksafoni alikuwa chumbani, unasikia mate yake kwenye mwanzi. Akafunika uso kwa viganja.

"Vipi?" Morio aliuliza.

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo hivyo, imekuwa.

"Sikia, Kozue. Usivunje posa. Nyumba yako ni ya kusikiliza. Mimi mwakani nitakaa humo kama kiti. Utaweka santuri, utageuka kuniangalia, na mimi nitajifanya. Nimeshajifanya mwaka mzima, nimechoka. Nenda kwa mtu atakayekusikia ukimwita."

Kozue akaandika: *Huo ndio uamuzi wako?*

"Ndiyo," alisema Morio, na safari hii alikuwa ameelewa swali. Akampa mgongo akaanza kukaza skrubu za kifuniko, ili asionwe uso.

Kozue alisimama nyuma yake. Alisema kwa sauti, akijua anazungumza na mgongo, "Nizuie. Neno moja nitabaki." Akangoja. Mgongo haukugeuka. Basi akavaa viatu, akatoka, akavuta mlango taratibu kama alivyolelewa kuufunga mkahawani, usitoe mlio.

Skrubu zilikuwa nne. Kwenye ya tatu mkono wa Morio ukasimama.

"Nimekudanganya," alisema, bado ameinama. "Usiende. Nina pete tangu siku ile, nilikuja nayo. Nitajifunza kukusoma hata gizani, nitafanya chochote. Baki, Kozue. Nikubali na uziwi wangu."

Akasubiri karatasi iwekwe kando ya mkono wake. Alisubiri muda mrefu, hakuthubutu kugeuka. Alipogeuka chumba kilikuwa kitupu, na viatu vya Kozue havikuwepo mlangoni.

Mama Sonobe aliileta mashine Jinbocho kabla ya mwaka mpya, na sijapata kusikia kitu kama kile tena. Kozue aliolewa Aprili. Anakuja kutoka Chiba siku tatu kwa wiki kufungua mkahawa. Siku moja, wateja wameondoka, akikausha vikombe, alinihadithia yote mpaka kwenye ule mgongo. "Angesema neno moja," aliniambia. "Nilisimama pale, na hata neno moja hakulisema."

Mwezi uliofuata nikaenda Kamata. Nilijiambia naenda kumjulia hali. Morio siku hizi anasokota transfoma, kazi isiyotaka masikio, na tulizungumza kwa daftari kama watu wazima. Nilipomtaja Kozue aliandika haraka, mstari mmoja, akanisogezea:

*Nilimwomba abaki. Alinisikia, akaenda zake. Haki yake.*

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kule Chiba Kozue alikuwa na mimba ya miezi saba, na mfamasia alikuwa ameshapaka rangi chumba cha mtoto. Nikakaa na ile kalamu mpaka Morio akanitazama usoni kuona kama naumwa. Nikaandika *Pole sana*, nikamrudishia daftari lake.